Kuacha kununua kwa kipimo: hesabu za jikoni kwa familia ya Dar es Salaam

Familia nyingi za mjini hazipotezi fedha kwenye anasa. Fedha inaondokea kwenye kipimo: mafuta ya mia saba asubuhi, robo ya sukari jioni, kopo la mkaa, kipande cha sabuni. Kila mara unanunua kidogo, na katika hicho kidogo umelipia faida ya muuzaji wa mwisho, mfuko wake na nauli yake ya kutoka Kariakoo. Mangi, mwenye duka la mtaani, ana haki ya faida hiyo, na siku huna kitu ndiye anayekukopesha. Lakini kitu ambacho nyumba yako inakitumia kila siku, mwaka mzima, hakistahili kununuliwa kwa bei ya dharura.

Ushauri wa "nunua kwa jumla" kila mtu ameusikia. Unashindikana kwa sababu mtaji haupo, au upo lakini vitu vinaharibika, au vinaisha kabla ya wakati wake. Njia inayofanya kazi ni kuhamisha bidhaa moja moja, na kuiacha ya kwanza ilipie ya pili.

Daftari la wiki mbili

Kwa wiki mbili andika kila kinachonunuliwa: jina, kiasi, bei. Usiandike "dukani 5,000", kwa sababu mstari huo hautakuambia chochote baadaye. Andika "mafuta vipimo 2, 1,400". Watoto wanaotumwa dukani nao wataje walichonunua, maana sehemu kubwa ya fedha inapitia mikononi mwao.

Wiki mbili zikiisha, geuza kila bidhaa iwe bei ya kilo moja au lita moja. Kipimo cha mafuta hakilingani duka kwa duka, kwa hiyo mimina vipimo vitano kwenye chupa tupu ya maji ya mililita 500 uone vinafika wapi. Tuseme kipimo ni mililita 100 na kinauzwa 700: lita moja unainunua kwa 7,000. Tuseme dumu la lita 5 duka la jumla ni 27,000: lita moja ni 5,400. Tofauti ni 1,600 kwa lita, au 8,000 kwa dumu. Weka bei za mtaani kwako, hesabu ni ile ile. Jihadhari na mafuta yanayouzwa kwa kilo, kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji: kilo 5 za mafuta ni lita 5 na karibu nusu, na lita 5 ni kilo 4.6 hivi. Usilinganishe bei ya kilo na bei ya lita kabla ya kuzigeuza.

Bidhaa ya kwanza kuihamisha iwe haiozi, inatumika kila siku, na tofauti yake ya bei ni kubwa. Mara nyingi itakuwa mafuta au sabuni ya mche. Sukari isiwe ya kwanza. Tofauti yake huwa ndogo, na kwa unyevu wa Dar inalowa na kuganda usipoifunga vizuri.

Mtaji unatoka wapi

Dumu la 27,000 ni 900 kwa siku kwa mwezi mmoja. Kama 900 ni nzito, weka 450 kwa miezi miwili. Tumia kibubu, au pokea zamu yako ya mchezo wa kuchangiana, lakini fedha hiyo iwe na jina moja tu: mafuta.

Siku dumu linapoingia ndani ndipo kazi yenyewe inaanza. Ile 700 au 1,400 iliyokuwa inakwenda kwa Mangi kila siku iendelee kutoka, safari hii iende kwenye kibubu. Jilipe bei ya kipimo. Dumu likiisha, kibubu kitakuwa na 35,000. Unanunua dumu jingine kwa 27,000, na 8,000 inayobaki inaanza kununua bidhaa ya pili, tuseme mche wa sabuni. Wengi wanashindwa hapa. Dumu likiingia, fedha ya kila siku inakosa kazi, inanunua soda na chipsi, na dumu likikauka hakuna cha kulirudisha. Mtu anasema jumla haina faida, kumbe faida aliila.

Shida nyingine ni mkono mwepesi. Mafuta yakiwa mengi jikoni, mpishi yeyote anamimina zaidi bila kujua. Dumu kubwa lifungwe na likae chumbani. Jikoni iwepo chupa moja inayojazwa siku maalumu ya wiki, kwa kiasi kile daftari lilichoonyesha. Chupa ikiisha kabla ya siku yake, usiijaze kimya kimya, uliza kilichopikwa.

Sabuni ya mche ina utaratibu wake. Ikitoka dukani huwa na maji ndani, na mbichi inayeyuka haraka kwenye beseni. Ikate vipande ingali laini kwa uzi au kisu chembamba, vipange kivulini vikiwa vimeachana, na viache vikauke wiki mbili au tatu. Vitapungua uzito na kuwa vigumu, na kila kipande kitafua nguo nyingi zaidi. Baada ya kufua, weka kipande kwenye kisahani chenye matundu. Sabuni inayolala kwenye maji inaisha bila kufanya kazi.

Sokoni

Sado ni ndoo ya lita 4 hivi, na ya mchele au maharage iliyojaa huwa kilo 3 na kitu. Hiyo "na kitu" ndiyo inayochezewa. Angalia kitako kama kimebonyezwa au kuyeyushwa kwa moto hadi kikapanda ndani, na angalia mkono wa muuzaji: anayemwaga taratibu kwa pembeni anaacha nafasi katikati ya punje. Kwa nafaka, omba kupimiwa kwa kilo.

Mizani nayo ihakikiwe. Itazame kama ina stika ya Wakala wa Vipimo, kisha ijaribu kwa chupa ya maji ya lita 1.5 ambayo haijafunguliwa. Inapaswa kuonyesha kilo 1.5 na gramu chache za plastiki. Ikionyesha 1.7, hama meza bila ugomvi.

Nauli iingie kwenye hesabu. Kama safari ya kwenda Kariakoo, Tandale au Mabibo na bodaboda ya kurudi na mzigo inakula 6,000, dumu moja la mafuta halitoshi kuilipia kwa maana. Subiri viwe vitu vitatu, au mshirikiane na jirani kugawana bajaji. Mboga za majani, nyanya na ndizi mbivu ziendelee kununuliwa genge la karibu. Tenga la nyanya linavutia kwa bei, lakini familia ya watu watano haiwezi kulimaliza kabla robo yake haijaoza. Labda mgawane nyumba tatu siku hiyo hiyo.

Dagaa wa Mwanza wana majira ambayo wanunuzi wengi hawayafuati. Wavuvi huwavuta kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu na uvuvi unapungua. Nunua mzigo wa kipindi cha giza, uwe mkavu unaokatika kwa kuvunja. Wanaopinda badala ya kuvunjika bado wana maji, na utakuwa umelipia maji kwa bei ya dagaa.

Mahindi, mchele na maharage

Hapa ndipo penye fedha nyingi, na ndipo hasara ni kubwa usipokuwa makini. Mavuno ya Nyanda za Juu Kusini huingia sokoni kuanzia Mei hadi Agosti, na mchele mpya wa Mbarali, Kyela na Ifakara huja karibu miezi hiyo. Bei hushuka, kisha hupanda kuelekea Desemba hadi Machi. Mwenye uwezo wa kununua gunia moja tu kwa mwaka alinunue Julai au Agosti, mahindi yakiwa yamekauka. Usikimbilie ya mwanzo kabisa, maana mengi huwa bado na unyevu.

Unyevu unapimwa kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi bila kuijaza, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga na utikise kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye ukuta wa chupa, mahindi hayajafaa kuhifadhiwa. Yaanike juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo, na upime tena. Mahindi mabichi yakifungwa huota ukungu, na ukungu huo ndio unaoleta sumukuvu, ambayo kuosha na kupika hakuiondoi. Punje zilizobadilika rangi au zenye ukungu zichambuliwe na kutupwa. Hata kuku wasipewe.

Mahindi yakikauka, yahifadhi kwenye mfuko usiopitisha hewa, ule wa PICS wenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba. Jaza, kamua hewa, sokota shingo na ufunge kila tabaka peke yake. Wadudu walio ndani wanamaliza hewa na kufa, kwa hiyo huhitaji dawa. Tobo dogo linaharibu kazi yote: uweke juu ya chaga, mbali na ukuta na panya. Usiufungue kila siku mbili. Toa mahitaji ya wiki mbili kwa mara moja, kamua hewa, funga tena. Kwa maharage, dumu safi la lita 20 lenye mfuniko unaobana linatosha, mradi ulijaze hadi mdomoni. Nafasi tupu juu ni hewa ya fukusi.

Gunia la kilo 100 likikobolewa hutoa sembe kati ya kilo 70 na 80, na pumba ni mali yako, wafugaji wa kuku wananunua. Dona linakupa karibu uzito wote, na ni chakula bora zaidi. Lakini kiini cha mahindi kina mafuta, hivyo unga wa dona unachacha na kuwa mchungu ukikaa. Saga debe moja kwa mara moja, si gunia zima.

Mchele wa msimu uliopita unavimba kuliko mpya na unashibisha watu wengi zaidi kwa kilo ile ile. Ukipewa bei moja, chukua wa zamani.

Moto, umeme na maji

Maharage yaloweke usiku mzima na umwage maji yake. Muda wa kuiva unapungua sana, na moto nao. Mtungi wa gesi upimwe mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye shingo yake, mara nyingi baada ya herufi TW. Ukisoma 8.2 kwenye mtungi wa kilo 6, ukijaa uwe 14.2. Moto ukiwa wa njano na sufuria inaota masizi, matundu ya jiko yameziba: yasafishe kwa sindano na uyakaushe. Uvujaji upimwe kwa povu la sabuni, usiwashe kiberiti kamwe.

Risiti ya LUKU inaonyesha kundi lako. Kwa viwango vilivyopangwa mwaka 2016, D1, kundi la nyumba zinazotumia umeme kidogo, hulipa 122 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, hadi uniti 75 kwa mwezi, sawa na 9,150. Zaidi ya hapo uniti inapanda kupita 400, kwa hiyo kama umefikia 75 tarehe 27, jikaze hadi mwezi ugeuke. T1, kundi la matumizi ya kawaida, hulipa 356 kwa uniti, ununue kidogo au kingi. Manunuzi ya kwanza ya mwezi hukatwa pia kodi ya jengo.

Jiko la presha la umeme la wati 1000 haliwezi kula zaidi ya uniti moja kwa saa, na kwa kuwa linajizima presha ikitosha, sufuria ya maharage huishia chini ya nusu uniti. Hata kwa T1 hiyo ni chini ya 180. Linganisha na kopo la mkaa la mtaani kwako. Heita ya kuogea ya wati 5000 hula uniti 0.8 kwa dakika kumi, kwa hiyo izime kwanza kabla ya kugombana na mtu kuhusu taa.

Kwenye maji, uniti moja ya bili ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Gawa bei ya uniti kwa 50 uone wauza maji wa madumu wanakutoza mara ngapi ya bei hiyo. Bili ikipanda bila sababu, tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo usiku na usilivute. Asubuhi rangi ikiwa imefika kwenye bakuli, badilisha mpira wa valvu.