Kuisoma Barabara ya Dar es Salaam Ukiwa Juu ya Pikipiki

Anayeanza kuendesha pikipiki Dar es Salaam hufundishwa gia, klachi na breki, kisha huachiwa barabara ajifunze mwenyewe, na hapo ndipo wengi huumia. Hatari za jiji hili, kwa sehemu kubwa, zina saa zake na mahali pake. Anayezijua hukutana nazo akiwa amejiandaa.

Anza na saa. Asubuhi magari humiminika kuelekea Posta na Kariakoo: ya Mbagala kwa Barabara ya Kilwa, ya Gongo la Mboto kwa Nyerere, ya Kimara na Mbezi kwa Morogoro, ya Tegeta kwa Bagamoyo. Jioni mkondo hugeuka. Ndani ya foleni iliyosimama, jihadhari na mlango unaofunguliwa ghafla na mtu anayechomoza kati ya magari mawili, kwa hiyo ukilazimika kupita usizidi mwendo wa mtu anayekimbia polepole, na magari yakianza kusogea rudi kwenye nafasi yako. Usiku, barabara inapokuwa nyeupe, mwendo ndio adui. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo katika maeneo ya makazi, pikipiki hula karibu mita 14 kila sekunde. Ukishtuka kwa sekunde moja tu, umeshazitembea hizo mita zote kabla hujagusa breki.

Daladala inahitaji macho ya pekee. Usisubiri indiketa, kwa sababu mara nyingi haiwashwi; tazama tairi la mbele la kulia, ambalo huanza kukata kabla bodi haijasogea, na sikiliza konda anapogonga bodi, maana hiyo ndiyo ruhusa ya dereva kuondoka. Daladala ikiwa kituoni usipite kushoto kwake kamwe, kwani abiria anashuka akitazama mfuko wake na si wewe. Ukipita kulia, punguza mwendo na uwe tayari kusimama, kwa kuwa mara kwa mara kuna mtu anayevuka mbele yake ambaye wewe humwoni wala yeye hakuoni.

Barabara ya Mandela ina malori yanayotoka bandarini kuelekea Ubungo, na hapa ninaomba usikilize kwa makini. Semi-trela inapokata kona kwenda kushoto, kichwa hutangulia mbali na ukingo, ikaonekana kama dereva amekuachia njia. Kisha tela hufuata likilalia ndani na kuifunga nafasi yote. Niliwahi kuingia katika nafasi hiyo pale Buguruni, nikatoka kwa kupanda ukingo wa barabara, na miguu ilinitetemeka hadi nilipofika nyumbani. Kipimo ni rahisi: ikiwa huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, naye hakuoni. Basi baki nyuma, au mpite kwa upande wa kulia ukiwa na nafasi ya kutosha, bila kukawia ubavuni mwake.

Njia za mabasi ya mwendokasi si zako, hata zikiwa tupu.

Mvua nayo hubadilisha kila kitu. Dakika za mwanzo ndizo mbaya zaidi, kwa sababu vumbi na oili vilivyokuwa vimekauka juu ya lami huchanganyika na maji na kuwa utelezi. Alama nyeupe za vivuko na mifuniko ya chuma huteleza hata baadaye. Funga breki mapema, zote mbili, kwa kubana polepole, pikipiki ikiwa imesimama wima. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi, na wanaoiogopa hawajafundishwa kuitumia tu. Usipite katika dimbwi usilojua kina chake, na bonde la Jangwani kwenye Barabara ya Morogoro likifurika, geuza.

Kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali kwa takriban asilimia 40, na wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 70, lakini ile iliyoachwa bila kufungwa huruka kabla kichwa hakijafika chini. Ivae, funga mkanda ubaki mwanya wa vidole viwili chini ya kidevu, kisha jaribu kuisukuma kutoka kisogoni kuelekea mbele; ikitoka kichwani, haikufai. Iliyokwisha kupata pigo kubwa ibadilishwe, hata kama haina ufa.

Abiria awe mmoja. Mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, huongeza uzito nyuma, hupunguza nguvu ya usukani na kurefusha umbali wa kusimama. Kabla ya kuingiza gia, mfunge kofia kwa mkono wako, mwombe akusanye kanga au gauni mbali na mnyororo, na mwambie kwamba kwenye kona alale upande uleule unaolalia wewe. Akisema ana haraka, mpe muda halisi wa kufika kwa mwendo wako, aamue kupanda au kubaki.