Jinsi ya kukusanya stempu za wanyama wa porini na baharini, kila mnyama kwao

Mwaka 1865 Newfoundland, koloni la Uingereza wakati huo na leo sehemu ya Kanada, ilitoa stempu ya senti 5 yenye sili aliyelala juu ya barafu. Ishike kwa kibano, isogeze chini ya lenzi, utazame miguu ya mbele. Utaona nyayo, kama za mbwa aliyejinyoosha. Sili hana nyayo, ana mapezi. Stempu hii ndiyo ninayomwonyesha kwanza kila anayeniuliza aanzie wapi, kwa sababu inafundisha kutazama: mtazame mnyama kwanza, karatasi baadaye.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka mkusanyo wa wanyama wa asili wa nchi iliyotoa stempu, wa bara na wa majini. Hautakufaa kama unataka kila stempu yenye picha ya simba. Ukikusanya kila kitu utajaza albamu kumi na bado hutajua una nini.

Hatua ya 1: Jiwekee mpaka

Kanuni yangu ni moja. Mnyama awe anaishi, au aliwahi kuishi, porini katika nchi iliyotoa stempu au katika maji yake. Ukiishika kanuni hiyo, stempu zinaanza kujichuja zenyewe.

Chukua tatu za zamani. Mwaka 1845 Basel, Uswisi, ilitoa stempu yenye njiwa mweupe aliyebeba barua mdomoni. Ni nzuri mno, lakini njiwa yule ni nembo ya posta, si ndege wa porini, kwa hiyo kwangu haiingii. Mwaka 1851 Kanada ikatoa biva wa peni tatu, mnyama anayejenga mabwawa katika mito ya huko hadi leo. Huyo anaingia. Mwaka 1854 Australia Magharibi ikatoa batamaji mweusi, ndege wa Australia halisi. Naye anaingia bila mjadala.

Waliotoweka wasikutie wasiwasi. New Zealand ilimweka ndege aitwaye huia kwenye stempu ya peni tatu mwaka 1898, na mara ya mwisho ya uhakika kuonekana porini ilikuwa 1907. Stempu ile ilichapwa ndege akiwa bado hai. Morisi ilimweka ndege aitwaye dodo kwenye stempu ya 1950, karne nyingi baada ya dodo wa mwisho kufa. Wote wawili ni wa kwao, ila ninawaweka kwenye kurasa tofauti, maana huia alichorwa na watu wa zama zake na dodo alichorwa kwa kumbukumbu.

Kisha punguza tena. Chagua kundi moja la kuanzia: kasa, au mamalia wa baharini, au ndege wa visiwani. Mimi nilianza na kasa na sijajuta.

Hatua ya 2: Vifaa

Huhitaji vingi. Kibano chenye ncha bapa zisizo na meno, kwa sababu mafuta ya vidole hubaki kwenye karatasi na baada ya miaka huonekana kama doa. Lenzi ya kukuza mara 10. Kipimo cha meno ya stempu, yaani zile ncha ndogo za ukingoni. Bakuli la maji, karatasi nyeupe za kunyonya maji, kitabu kizito. Na daftari. Daftari ni muhimu kuliko albamu.

Hatua ya 3: Zitafute

Waulize watu wanaotunza barua za zamani, badilishana na wakusanyaji wenzako, nunua mafungu ya mchanganyiko uyachambue mwenyewe. Angalizo moja tu: kabla hujakata pembe ya bahasha, soma muhuri. Stempu ya kasa iliyopigwa muhuri unaosomeka wa kisiwa ambako kasa hao hutaga ina thamani zaidi ikibaki kwenye bahasha yake nzima. Ukishaikata, hakuna namna ya kuirudisha.

Hatua ya 4: Kuloweka

Hapa ndipo stempu nyingi hufia, kwa hiyo nenda polepole.

Kata karatasi ya bahasha ukiacha nafasi pande zote, usije ukagusa meno. Tenga kwanza vipande vya bahasha zenye rangi, hasa nyekundu na kijani, na vyenye wino wa zambarau wa mihuri ya ofisi. Niliwahi kuloweka pamoja stempu kumi na moja za samaki, na kati yake kilikuwemo kipande kimoja cha bahasha nyekundu. Nilirudi baada ya nusu saa nikakuta maji ya waridi na samaki wote wamepata rangi hiyo. Hakuna hata mmoja aliyepona. Tangu siku hiyo kila bahasha ya rangi ina bakuli lake.

Tumia maji ya uvuguvugu, si ya moto. Weka vipande picha ikitazama juu, vielee. Subiri dakika 15 hadi 30. Stempu ikiwa tayari itateleza yenyewe kutoka kwenye karatasi. Ikigoma, irudishie muda, usiivute. Kisha isuuze mgongo kwenye maji safi, upapase kwa kidole uhisi kama gundi imeisha. Ikibaki utelezi, gundi bado ipo, na itakuja kunata kwenye albamu. Laza stempu kwenye karatasi ya kunyonya, picha chini, mpaka unyevu wa juu uishe, kisha ihamishie kati ya kurasa kavu chini ya kitabu kizito usiku mzima.

Kuna stempu zisizotakiwa kuguswa na maji kabisa. Za kwanza ni zile zilizochapwa kwa wino unaoyeyuka. Uingereza na makoloni yake waliutumia kwa makusudi, ili mtu akijaribu kufuta muhuri aitumie stempu tena, picha nayo iharibike. Za pili ni zenye tabaka la chokaa juu ya karatasi. Ukiisugua ikiwa imelowa, picha hubanduka na chokaa. Stempu nyingi za makoloni zilichapwa hivyo, zikiwemo baadhi ya zile za Ushelisheli zilizoanza 1938, zenye kobe mkubwa wa visiwa vile. Za tatu ni za kisasa za kubandua na kubandika. Stempu nyingi za aina hiyo, hasa za Marekani za miaka ya karibuni, hazina tabaka linaloachia kwenye maji. Hizo zikate na karatasi yake, uache ukingo mwembamba ulio sawa pande zote, na uzihifadhi hivyo hivyo.

Hatua ya 5: Mtambue mnyama

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo raha yenyewe. Maandishi ya stempu yakisema "kasa" tu, hujaambiwa kitu. Wako kasa wa aina saba duniani, na ukiwa na lenzi unaweza kuwatenganisha wengi wao hata kwenye picha ya sentimita tatu.

Anza na gamba. Likiwa halina vipande vya magamba, badala yake ni ngozi yenye matuta marefu kutoka kichwani hadi mkiani, huyo ni kasa ngozi, mkubwa kuliko wote. Likiwa na vipande, hesabu vile vya ubavuni, upande mmoja, kuanzia shingoni. Vikiwa vinne, mara nyingi una kasa uzia, yaani yule wa kijani, au ng'amba. Vikiwa vitano, mara nyingi ni kasa mwenye kichwa kikubwa, *Caretta caretta*.

Kuwatenganisha uzia na ng'amba, nenda usoni. Kati ya macho, juu kidogo ya pua, kasa uzia ana magamba mawili, yaani jozi moja. Ng'amba ana manne, jozi mbili. Ng'amba pia ana mdomo uliochongoka kama wa kasuku, na magamba ya mgongoni yamepandana kama vigae. Mchoraji makini huyaweka yote haya. Mchoraji mvivu humpa kasa uzia mdomo wa ng'amba, na hapo ndipo unapoandika kwenye daftari: jina linasema hivi, mchoro unasema vile.

Kwa nguva, tazama mkia. Nguva wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, *Dugong dugon*, ana mkia uliogawanyika mara mbili kama wa pomboo. Manatii, ndugu yake wa Afrika Magharibi na Amerika, ana mkia wa mviringo kama kafi pana. Stempu ya nchi ya Bahari ya Hindi yenye mnyama wa mkia wa mviringo imekosea njia, maana eneo la nguva linaanzia Afrika Mashariki hadi Vanuatu na manatii hayumo humo.

Kwa punda milia, tazama tumbo na upana wa milia. Punda milia wa Grevy ana milia myembamba iliyosongamana na tumbo jeupe, na leo porini anapatikana Kenya na Ethiopia tu. Kwa tembo, tazama ncha ya mkonga ikiwa imechorwa wazi: tembo wa Afrika ana vidole viwili, wa Asia kimoja. Masikio nayo yanasaidia, lakini wachoraji huyakuza wanavyotaka. Ncha ya mkonga wanaisahau, na kwa hiyo inasema kweli zaidi.

Kila ukimaliza stempu moja, andika jina la Kiswahili, jina la kisayansi, na kama mnyama huyo yumo kwenye nchi ile. Ukishindwa kumtambua, andika alama ya kuuliza uendelee. Alama ya kuuliza ni bora kuliko jina la kubahatisha.

Hatua ya 6: Itambue stempu

Sasa karatasi. Katalogi kubwa, yaani vitabu vinavyoorodhesha stempu kwa namba, ni Stanley Gibbons, Scott, Michel na Yvert et Tellier, na kila moja ina namba zake, kwa hiyo namba usiiandike bila jina la katalogi.

Meno hupimwa kwa kuhesabu vitobo katika sentimita 2. Ukikuta 14 × 13½, namba ya kwanza ni ya upande wa juu na wa chini, ya pili ni ya ubavuni. Alama iliyofichwa ndani ya karatasi utaiona ukiilaza stempu picha chini juu ya kitu cheusi, au ukiiinua kwenye mwanga. Kwa wanyama jambo hili si dogo: kangaruu juu ya ramani aliyetolewa na Australia mwaka 1913 alichapwa miaka mingi kwenye karatasi zenye alama tofauti, na kwa macho matupu wote ni kangaruu yule yule.

Usisahau kusoma maandishi. Kenya ilitoa mfululizo wa makombe ya baharini mwaka 1971, na ndani yake kuna somo ninalolipenda kuliko yote. Stempu ya senti 70 ina nautilus, jamaa wa pweza anayeishi ndani ya kombe. Chapa ya kwanza ilimwita *Nautilus pompileus*. Chapa ya baadaye ikasahihisha: *Nautilus pompilius*. Ni herufi moja tu. Ya senti 50 nayo ilitoka na *Janthina globosa*, ikarudi na *Janthina janthina*. Mtu asiyesoma atadhani ana stempu mbili zinazofanana na kumpa mwenzake moja.

Hatua ya 7: Chuja za mashaka

Picha za wanyama huuzika, kwa hiyo wapo wanaochapa vipande vya karatasi na kuviita stempu za eneo fulani ambalo halina posta yake. Ishara ya kwanza ni ile kanuni yetu: mnyama si wa pale. Dubu wa barafu kwenye stempu ya nchi ya tropiki inaweza kuwa halali kabisa, lakini itakufanya uangalie mara mbili.

Tangu 2002 Umoja wa Posta Duniani unaendesha, pamoja na chama cha kuendeleza ufilateli, yaani ukusanyaji wa stempu, duniani, orodha ya stempu iitwayo WNS, ambapo kila stempu iliyosajiliwa hupewa namba yenye herufi mbili za nchi, namba ya mfululizo na mwaka. Ukiikuta humo, tulia. Usipoikuta, usiihukumu bado, kwa sababu si nchi zote zinazosajili. Nenda kwenye katalogi.

Hatua ya 8: Panga kwa mnyama

Wengi hupanga kwa nchi. Mimi hupanga kwa mnyama, halafu ndani ya ukurasa nafuata ramani ya makazi yake. Ukurasa wa kasa uzia kwangu unaanza pwani ya Afrika, unavuka visiwa vya Bahari ya Hindi, unaishia Pasifiki.

Stempu mpya zenye gundi ziweke kwenye vifuko vya poliesta au polipropilini. Epuka plastiki laini yenye harufu kali, ya PVC, ambayo hutoa kemikali polepole na kula wino. Simamisha albamu kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine, maana uzito na unyevu huifanya gundi ishike ukurasa. Zifungue mara kwa mara zipate hewa. Ukiona madoa madogo ya rangi ya kutu, itenge stempu hiyo siku hiyo hiyo, kwa sababu ni ukungu na unaweza kuhamia kwa jirani.

Chini ya kila stempu andika kwa penseli, mistari miwili basi. Wa sili wa Newfoundland kwenye albamu yangu unasomeka: "Senti 5, 1865. Makazi: sahihi. Miguu: si yake."