Namna ya Kulinganisha Filamu za Jane Eyre na Riwaya Yenyewe

Riwaya hii ya Charlotte Brontë, iliyotoka mwaka 1847, imefanyiwa filamu na tamthilia za televisheni tele. Wengi huzilinganisha kwa sura za waigizaji, mabishano yakawa hayaishi. Kipimo kinachofaa ni dakika.

Kitabu kina sura 38. Sura 1 hadi 10 ni utoto: Jane yuko Gateshead kwa mkaza mjomba wake, kisha shuleni Lowood. Sura 11 hadi 27 ni Thornfield, nyumbani kwa Rochester, mwajiri wake anayempenda. Sura 28 hadi 35 yuko kwa akina Rivers, St. John na dada zake, waliompokea baada ya kukimbia Thornfield. 36 hadi 38 ni marejeo, yaani anarudi kwa Rochester. Filamu ya dakika 120 ikifuata mgawo huo, utoto hupata dakika 32 hivi, Thornfield 54, akina Rivers 25, marejeo 9. Sura hazilingani urefu, kwa hiyo dakika tano sita zikizidi au zikipungua, si kitu. Ziandike namba hizo, halafu kila Jane anapohama, andika dakika iliyopo kwenye skrini.

Filamu ya mwaka 2011 ya Cary Fukunaga inahitaji uangalifu. Inaanza Jane akikimbia Thornfield, ndipo inarudi utotoni. Ukiandika mwanzo wa kila sehemu mara moja tu, hesabu itakudanganya. Jumlisha vipande vyote vya sehemu moja.

Kisu hupita zaidi kwa akina Rivers, kwa sababu waandishi wa skripti huogopa kumweka Rochester nje ya skrini muda mrefu. Filamu ya 1943, ya Orson Welles na Joan Fontaine, imemfanya St. John Rivers daktari mwema wa Lowood. Hasara yake ni kubwa mno. Katika kitabu, akina Rivers ni watoto wa shangazi yake Jane. Huko ndiko anakopata urithi wa pauni 20,000 wa ami yake, akaugawa mafungu manne ya 5,000, na ndiko anakokataa kuolewa na St. John asiyempenda. Anaporudi kwa Rochester, anarudi kwa hiari, na fedha zake mkononi.

Kisha kagua sura za 18 na 19, Rochester anapojigeuza bibi mpiga ramli. Kitabuni tunaamini kwa kuwa tunamsikia Jane tu. Kamera ikisogea, hila inafichuka. Tamthilia ya BBC ya 1983, ya Zelah Clarke na Timothy Dalton, imethubutu kuionyesha. Ile ya 2006 imeleta mpiga ramli wa kweli.

Anza na hiyo ya 1983: ina vipindi 11 vya nusu saa hivi, na ndiyo inayokifuata kitabu kwa karibu. Ya 1943 iwe ya mwisho. Katika kila moja, tazama mkono wa kushoto wa Rochester Jane anaporudi. Kitabuni umekatwa.