Jinsi ya kujua rangi zinazokutoa, kabla hujampelekea fundi kitambaa

Mi nashona nguo za kike, na msimu wa harusi hakosi mtu kaletewa sare ya kamati, tuseme ya haradali, akiivaa anaonekana kama katoka kuugua malaria. Kitambaa kizuri, mshono umekaa, ila rangi imemkataa. Siku hizi kabla sijakata nampima mteja rangi kwanza, na we unaweza kujipima nyumbani.

Kwanza nawa uso, mekapu yote itoke, nywele au wigi funga na kitambaa cheupe. Kaa dirishani au barazani kwenye saa tatu asubuhi, ila jua lisikupige usoni. Taa za dukani hapana, zile ndo zinatuuzia nguo tunazokuja kuzichukia tukifika home.

Pili, tafuta vitambaa viwili viwili, khanga, mtandio, tisheti, chochote: cheupe pee na krimu, pinki kali na chungwa, hereni za silva na za gold. Weka kimoja chini ya kidevu, toa haraka weka mwenzie. Hapa ndo wengi wanakosea, wanaangalia kitambaa kipi kizuri. We angalia USO. Rangi iliyokukataa inazidisha weusi chini ya macho, midomo inapauka, madoa ya chunusi yote yanajitokeza, ila ikikukubali ngozi inatulia na mtu anakuona we kabla ya gauni.

Krimu, chungwa na gold zikikutoa, ngozi yako ni ya rangi za joto, zikikutoa nyeupe, pinki na silva, we ni wa ubaridi. Habari za kuangalia kama mishipa ya mkononi ni ya kijani au ya bluu achana nazo, kwa ngozi nyeusi unakodoa macho bure.

Tatu, jaribu rangi kali na zilizopoa, hapo unapata kundi lako kati ya manne. Joto na kali ni machipuko, joto iliyopoa ni vuli, ubaridi uliopoa kiangazi, ubaridi mkali kipupwe. Majina ni ya misimu ya kwao huko Ulaya na Marekani, kwaiyo usishangae kiangazi kuwa cha ubaridi wakati sisi ndo kinatuunguza. Af miaka ya 1980 kule Marekani wapima rangi waliwatupa weusi karibu wote kwenye kipupwe, wakati mimi nna wateja weusi tii wanaowaka kwenye rangi za vuli, ugoro na haradali hiyohiyo niliyoisema juu.

Sare ishanunuliwa na imekukataa? Mwambie fundi ashushe shingo, rangi ikae mbali na kidevu, af tupia mtandio wa rangi yako karibu na uso. Viatu na mkoba havina kesi.