Kabla ya kufunga jiwe la grenda, soma ringi ya katikati

Mafundi wenzangu wa kuchomelea hapa Arusha, mkinunua jiwe la kukatia someni ile ringi ya chuma katikati. Pameandikwa mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka 3 tangu litengenezwe. Chembe zake zimeshikwa na gundi ya resini, na unyevu huidhoofisha gundi hiyo hata kama jiwe ni jipya kabisa. Masika msiyalaze mawe kwenye sakafu ya saruji.

Lakini linalonitia hofu zaidi ni hili: jiwe la inchi 9 huandikwa kikomo cha mizunguko 6,600 kwa dakika, ilhali grenda ndogo huzunguka kama 11,000. Ukivua kava ya kinga ya grenda ndogo ili jiwe hilo kubwa liingie, linaweza kukupasukia usoni. Usikubali, hata mteja akiwa amesimama anasubiri geti lake.