Kusoma Chuma Kabla ya Kukilipia: Spana, Boliti na Beringi

Niliwahi kununua seti ya spana iliyong'aa kama kioo. Siku ya tatu, nilipokuwa nikifungua nati ya M8 iliyoshikwa na kutu, mdomo wa spana namba 13 ulitanuka na pembe za nati zikalika zote. Nilimaliza saa nzima nikiikata nati hiyo kwa msumeno wa chuma, na ndipo nilipojua bei halisi ya spana ile.

Unapokwenda kununua spana, chukua boliti mpya ya kipimo unachokitumia zaidi, uivalishe spana na kuitikisa. Ikiwa spana inazunguka kidogo kabla ya kuishika nati, nguvu zako zitaangukia kwenye pembe za nati badala ya ubavuni. Kwa sababu hiyohiyo, kwa nati ngumu boksi (spana ya kikombe inayoifunika nati yote) la pembe sita ni bora kuliko la pembe kumi na mbili. Kisha tazama ndani ya mdomo, mahali ambapo watengenezaji wazembe hawafiki: kromu (utando unaong'aa juu ya chuma) yenye malengelenge itabanduka na kukukata vidole. Kazi ya kromu ni kuzuia kutu, wala haiongezi uimara, na maneno ya aina ya chuma yaliyopigwa kwenye mpini hayathibitishi kitu, kwa kuwa mhuri hupigwa na yeyote aliye nao.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni tupa. Kwa ruhusa ya muuzaji, ipitishe taratibu kwenye makali ya patasi: patasi iliyotiwa ugumu vizuri huifanya tupa iteleze, ilhali iliyo laini hulika kama msumari. Spana ni tofauti kidogo, kwani tupa itaing'ata kwa shida bila kuteleza kabisa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana chuma kigumu kupita kiasi hupasuka badala ya kupinda. Ndiyo sababu nyundo mbili hazigonganishwi uso kwa uso. Kuhusu biti za keekee, rangi ya dhahabu ni ngozi tu. Ibiringishe biti juu ya kioo, na ikiwa ncha inayumba, iache.

Boliti, kwa bahati nzuri, hujieleza yenyewe kwa anayejua kuisoma. Katika namba 8.8 iliyo kichwani, namba iliyo kabla ya nukta ukiizidisha kwa 100 unapata megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) 800, yaani mvuto unaoikata boliti, na namba za pande zote mbili za nukta zikizidishwa pamoja kisha kwa 10 zinatoa 640, kiwango ambacho ikikipita boliti hurefuka na hairudi tena. Kwa 10.9 hesabu hiyo inatoa 1000 na 900. Boliti ya 8.8 hufungwa kwa nati ya daraja la 8 au zaidi. Boliti isiyo na namba ichukuliwe kuwa laini: itafaa kwenye meza au kwenye lango, lakini isikaribie breki wala usukani. Hata hivyo, si kila mahali panapotaka boliti ngumu. Mashine nyingi zina pini au boliti laini iliyowekwa makusudi ili ikatike mzigo unapozidi, na anayeibadilisha kwa 10.9 akidhani anaboresha atakuja kununua giaboksi.

Beringi nazo zina lugha yake. Katika 6204, tarakimu mbili za mwisho zikizidishwa kwa 5 zinatoa kipenyo cha tundu, milimita 20. Utaratibu huu huanzia 04, kwa kuwa 03 ni milimita 17. Herufi ZZ humaanisha vifuniko vya bati, na 2RS ni vya mpira, ambavyo huzuia maji na vumbi vizuri zaidi. Pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia vipenyo na unene): 6204 ina kipenyo cha nje cha milimita 47 na unene wa 14. Ikipungua au ikiwa maandishi yamefifia, shuku. Lakini niseme wazi kwamba beringi nyingi zinazolaumiwa kuwa feki huuawa na nyundo ya fundi. Ukiipachika kwenye shafti, sukuma pete ya ndani peke yake, kwani ukigonga ya nje nguvu hupitia kwenye gololi na kuchimba vishimo ambavyo vitaanza kunguruma baada ya muda mfupi.

Pesa zako zielekeze kwenye kile kinachogusa nati au kinachobeba mzigo, na ubane kwenye masanduku na vishikio. Vifaa vya mkono wa pili ni chaguo zuri ikiwa kutu ni ya juujuu, maana mafuta ya taa na brashi ya waya huiondoa. Tafuta ufa kwenye kona ya mdomo, na ukikuta chuma kimegeuka rangi ya bluu, ujue mtu alikichoma kwa jiwe la mashine ya kunolea hadi kikapoteza ugumu wake, na hapo hata bei ya kutupa ni ghali.