Dhahabu na wolframu: namna ya kuzitofautisha wakati mkononi zinalingana uzito

Mi niko bijutie, fundi wa dhahabu, hapa Bukavu, na kuko swali moja inarudi kila mara kwenye meza yangu: "Papa, angalia hii, waliniuzia ni dhahabu kweli?" Mtu ameishika, amesikia iko nzito sana, basi roho yake imetulia juu anajua shaba haiwezi kuwa nzito vile. Ni kweli, shaba haiwezi. Na risasi, yenye watu wote wanaogopa, nayo haiwezi. Lakini kuko metali moja inaweza, nayo ni wolframu, na wengi wanaonunua hapa mjini hawajui namna ya kuikamata.

Shika kwanza hizi namba, kazi yote inasimama juu yake. Sentimita ujazo moja ya dhahabu safi ina gramu 19.3. Ya wolframu ina gramu 19.25. Risasi ni 11.3 tu, shaba 8.96. Kwa hiyo risasi haifiki hata karibu, lakini wolframu na dhahabu ni mapacha kwa uzito.

Kwa mengine yote zinaachana kabisa. Dhahabu inayeyuka kwa digrii 1064, wolframu mpaka 3422, hakuna metali nyingine inafika pale. Dhahabu ni laini, unaipiga nyundo inakuwa jani, wolframu inakwaruza kioo na ukilazimisha kuikunja baridi inavunjika. Dhahabu ni ya njano, wolframu ya kijivu kama chuma, ndiyo maana hakuna mtu atakuuzia wolframu uchi, siku zote itakuwa imevaa ngozi ya dhahabu. Na kazi zake zinafuata tabia hizo: dhahabu haishiki kutu, basi wanaipaka kwenye uso wa kadi ya SIM na ndani ya telefone, wanatengeneza bijou, benki kuu zinaiweka akiba, wolframu inatumwa kwenye moto na nguvu, ndiyo ule waya ndani ya ampuli za taa za zamani, ndiyo ile fimbo nyembamba ya fundi anayesudire (anayeunganisha chuma) kwa TIG, ile ya umeme na gesi, na ikichanganywa na kaboni inakuwa ncha ya meshi ya kutoboa beto na mawe. Dhahabu inauzwa kwa gramu, wolframu kwa kilo na tani. Mdanganyifu hesabu yake iko pale tu.

Kitu kimoja tunachanganya sana huku kwetu: lile jiwe jeusi la wolframiti, lenye linatoka migodini Kivu sawa na kasiteriti na koltani, si wolframu yenyewe. Jiwe lina gramu 7 na kitu kwa sentimita ujazo. Kutoa metali ndani yake ni kazi ya kiwanda, wanageuza kwanza kuwa unga wa oksidi halafu wanauchoma na hidrojeni. Kwa hiyo usimshuku mchimbaji wa Kamituga kwamba anakutengenezea dhahabu ya uongo na mawe, wolframu ya kudanganyia inakuja ikiwa tayari imetengenezwa.

Hatua ya 1: Vitu vya kutayarisha

Balansi (mizani) ya gramu 0.01, sumaku, kopo ya plastiki, uzi mwembamba wa nailoni, sabuni ya maji, sindano ya chuma, tupa ndogo, kalkileta ya telefone. Balansi ya jikoni ya gramu moja moja uache nyumbani, haina kazi hapa. Na mapile (betri) ya balansi yawe mapya.

Hatua ya 2: Sumaku

Ikishika, rudisha kitu, kuko chuma ndani. Isiposhika haujajua chochote bado, juu dhahabu na wolframu zote hazishikwi na sumaku ya kawaida.

Hatua ya 3: Kupima ndani ya maji

Hapa ndipo watu wanaharibikia, kwa hiyo soma yote mbele ya kuanza.

Pima kitu kikiwa kavu, andika. Kisha weka kopo yenye maji juu ya balansi, bonyeza ile ya kurudisha sifuri mpaka isome 0.00. Funga kitu na uzi, kizamishe chote katikati ya maji, kisiguse chini wala pembeni. Usishike uzi na mkono, mkono unatetemeka na namba inacheza. Funga uzi kwenye kijiti, laza kijiti juu ya marundo mawili ya vitabu, moja huku moja huku, na vitabu vikae mezani, si juu ya balansi. Namba yenye balansi inasoma sasa ni gramu za maji yaliyosukumwa, na juu gramu moja ya maji ni sentimita ujazo moja, hiyo namba ndiyo ukubwa wa kitu chako. Gawanya uzito wa kavu kwa hiyo namba, umemaliza.

Mfano: lingoti ndogo (kipande cha dhahabu kama katofali) ya gramu 20.00. Ndani ya maji balansi inasoma 1.04. Unagawanya, unapata 19.2. Ingekuwa risasi imepakwa rangi ungesoma 1.76, jibu 11.4, na shaba ingekupa 2.23. Hao wawili maji yanawakamata saa ileile.

Sasa mambo yenye yanaharibu kipimo.

La kwanza ni hewa. Vipovu vidogo vinajificha kwenye maandishi ya lingoti, ndani ya tundu la pete, kwenye fundo la uzi, na kila kipovu kinaongeza ukubwa wa uongo. Kipovu cha 0.05 tu kwenye ile lingoti ya gramu 20 kinakutoa 1.04 kinakupeleka 1.09, jibu linashuka 18.3, na hapo unaanza kumwita mtu mwizi na dhahabu yake ni safi. Tia tone moja la sabuni ndani ya maji na ukoroge polepole bila povu, halafu lowesha kitu, kisugue na kidole chini ya maji, kitingishe, angalia na tochi ya telefone. Mimi natumia maji yaliyochemshwa yakapoa, juu maji yaliyotoka bomba sasa hivi yana hewa yake yenye inakuja kujibandika kwenye metali ukiwa unaangalia. Kumbuka hewa siku zote inavuta jibu chini, haiwezi kulipandisha.

La pili ni kugusa chini. Kitu kikigusa hata kidogo tu, balansi inaanza kubeba uzito wake na namba inaruka. Ukiona jibu 5 ao 3 kwa kitu kizito, usishangae na usitangaze kitu, inua uzi kidogo upime tena.

La tatu, vitu vidogo. Kikiwa na gramu 2, ukubwa wake ni 0.10 tu, na kosa la 0.01 linakutoa 20 linakuleta 18.2, yaani huwezi kusema chochote. Kwa balansi ya 0.01 mimi sipimi kitu chini ya gramu 10. Kama unapima hereni na vipete vya mtoto, tafuta balansi ya 0.001, ao ukubali kwamba njia hii si ya kitu hicho.

La nne, mikufu yenye tundu ndani, pete zenye mawe, saa: usipime, jibu halitakuwa na maana. Na unga wa dhahabu kutoka mgodini huwezi kuufunga na uzi, ule ngoja hatua ya mwisho.

La tano, upepo. Funga dirisha, zima ventilateri, meza isitikisike. Na uzi uwe wa nailoni mwembamba, ule wa pamba unakunywa maji na unashika hewa. Rudia mpaka namba zifanane mara tatu kwa kufuatana, hapo ndipo uandike.

Hatua ya 4: Namba inasema nini na nini haisemi

Karati ni kipimo cha usafi wa dhahabu, 24 ndiyo safi kabisa, na muhuri unasema sehemu ngapi za dhahabu ndani ya elfu moja. Ikitoka 17.7 hivi ni karibu na karati 22, yenye muhuri 916. Kati ya 15 na 16 inalingana na karati 18, muhuri 750. Chini ya 12, mwambie mtu asante, usinunue.

Ikitoka 19 na kitu, ni dhahabu safi AO wolframu, na maji hayatakuambia zaidi hata ukipima mpaka usiku. Kwa gramu 20 dhahabu inasukuma 1.036, wolframu 1.039, na balansi yetu inaandika 1.04 kwa zote mbili. Wengi wanafika hapa wanafurahi, wanalipa. Usilipe bado.

Na kuko mtego mwingine kwa pete. Zile pete ngumu zinauzwa kwa jina la tungsten, ambayo ni jina lingine la wolframu, kweli ni wolframu na kaboni, na uzito wake unakuwa karibu 15. Yaani ukiipaka ngozi ya dhahabu na kuipigia muhuri 750, maji yatasema ni karati 18. Muhuri ni maandishi tu, mtu yeyote mwenye chombo anaupiga.

Hatua ya 5: Sindano, tupa, msumeno

Kwa pete: upande wa ndani, fasi haionekani, kwaruza na sindano ya chuma kwa nguvu. Dhahabu inalegea, mfereji unabaki na chini yake bado ni njano. Kama ni wolframu sindano inapita ngozi halafu inateleza, na tupa nayo inateleza, na chini unaona kijivu.

Kwa lingoti kwaruza haitoshi, juu ngozi inaweza kuwa nene. Mwaka 2012 kule New York walipata lingoti za aunsi 10 zenye mihuri yake yote, ndani kumejaa wolframu. Kwa hiyo mimi nakata. Kata katikati, ao toboa na meshi ya milimita 2 ao 3 katikati na karibu na kila ncha, mpaka itokee upande wa pili. Dhahabu inatoa mavumbi ya njano yaliyojikunja, unayakusanya yote kwenye karatasi safi, hakuna yanayopotea. Meshi ikifika kwenye wolframu inalia, inapata moto, haiendi tena. Muuzaji akikataa kukata, nunua kwa mwingine, hata bei yake ikiwa tamu namna gani.

Watu wataniambia kuko asidi na kuko mashine ya X-ray ya kontwari, nyumba ya kununua dhahabu. Asidi ya nitriki haigusi dhahabu, na wolframu pia baridi inaivumilia, tena tone liko linaonja ngozi tu. Mashine ni nzuri sana kwa karati, lakini nayo inasoma ngozi ya juu, mikroni chache, haifiki katikati. Ile ya kuweka barafu juu ya metali uone inavyoyeyuka mimi siitumii kabisa, dhahabu inapitisha moto vizuri kuliko wolframu lakini tofauti hiyo huwezi kuisoma kwa macho.

Hatua ya 6: Kuyeyusha

Kikombe cha udongo cha kuyeyushia, boraksi kidogo (ule unga mweupe wa kusafisha metali inayoyeyuka), shalimo (bomba la moto wa gesi). Dhahabu inakuwa maji, inang'aa, inazunguka. Wolframu inabaki ngumu palepale ndani ya yale maji, na fasi yenye hewa inaigusa inatoa unga wa njano wa kijani. Hapa hakuna mdanganyifu anaweza kuponea.

Lakini nakuomba sana: kama ni dhahabu iliyokamatwa na zebaki kule mgodini, usiiweke motoni ndani ya nyumba wala jikoni. Zebaki inachemka kwa digrii 357, mbali kabla ya dhahabu kuyeyuka, moshi wake hauuoni na hausikii harufu, unaingia kwenye mapafu na unaharibu ubongo, na mtoto aliye tumboni ndiye anaumia zaidi. Iunguzwe kwanza ndani ya retorti iliyofungwa, chombo chenye kinakamata moshi wa zebaki, nje, kwenye upepo unaoenda mbali na watu, watoto na mama mwenye mimba wasikaribie.

Ikipoa, futa boraksi yote, pima kavu, pima tena ndani ya maji kwa hatua ya 3, sasa haina tundu wala maandishi ya kushika hewa. Uzito wa mbele ya moto na wa nyuma ya moto andikeni wote wawili kwenye karatasi moja, mnunuzi na muuzaji watie sahihi, njo muanze kusema bei.